Mboni nyeupe ya mtoto: saratani adimu inayogundulika kwa tochi

Kila mwaka Februari 15 ni Siku ya Saratani ya Watoto Duniani, na siku ya mwisho ya mwezi huohuo ni Siku ya Magonjwa Adimu. Kati ya siku hizo mbili utasikia hotuba nyingi kuhusu mashine: za mionzi, za kupiga picha, za kupima vinasaba. Mashine zinahitajika, sikatai. Lakini msomaji, leo nakuomba tuutazame ugonjwa mmoja unaostahili kutajwa siku zote mbili, kwa kuwa ni saratani na pia ni adimu. Dalili yake ya kwanza huonekana kwa macho matupu, na mara nyingi anayeiona ni mama akiwa amempakata mwanawe.

Kitaalamu unaitwa retinoblastoma. Huanzia kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na karibu wote wanaoupata ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mboni ya jicho zima, ule mduara wa katikati, huonekana nyeusi. Jicho lenye uvimbe huu likipigwa na mwanga kwa upande fulani, mboni hung'aa nyeupe, kama jicho la paka linapomulikwa usiku. Wengine huanza na makengeza. Maumivu, wekundu na uvimbe huja baadaye, na jicho kutokeza nje huja mwisho kabisa. Bahati mbaya hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi wetu tunayoijua, kwa sababu ndiyo inayosambazwa kwenye simu pale familia inapoomba mchango.

Sasa tuone tofauti inayoletwa na muda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikusanya taarifa za watoto 4,351 kutoka nchi 153, wote wakiwa wamegundulika mwaka 2017. Katika nchi tajiri, umri wa kati wa kugundulika ulikuwa miezi 14. Katika nchi za kipato cha chini, kundi ambalo Tanzania ilikuwamo wakati huo, ulikuwa miezi 30 na nusu. Katika nchi tajiri saratani ilikuwa bado imo ndani ya jicho kwa watoto 98 kati ya 100. Katika nchi za kipato cha chini, karibu nusu ya watoto walifika ikiwa imeshatoka nje ya jicho, na karibu mmoja kati ya watano ikiwa imesambaa sehemu nyingine za mwili. Watafiti walipowafuatilia watoto hao kwa miaka mitatu, waliokuwa hai katika nchi tajiri walikuwa zaidi ya 99 kwa 100. Kwetu sisi wa chini walikuwa 57.

Soma tena namba hizo. Ni ugonjwa uleule, na watoto wa huku hawana saratani kali kuliko wa Uingereza au Ujerumani. Tofauti kubwa imo katika miezi 16 iliyopotea kabla mtoto hajakutana na mtu wa kumtambua.

Inapotea wapi? Ni rahisi kumtupia lawama mzazi, eti alikwenda kwa mganga, eti alimwekea mtoto maziwa ya mama au maji ya majani machoni. Hayo yapo, na yanadhuru. Lakini chukua hesabu hii. Ugonjwa huu humpata takriban mtoto mmoja katika kila 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, kwa hiyo tutegemee wagonjwa wapya mia moja na kitu kila mwaka. Vituo vya kutolea huduma za afya nchini ni zaidi ya 7,000. Ukiwagawa watoto hao kwa vituo hivyo, kituo kimoja kitamwona mgonjwa mmoja katika miaka sitini. Muuguzi wa zahanati anaweza kuajiriwa kijana na kustaafu akiwa na miaka 60 bila kumwona hata mmoja.

Ndiyo maana ya ugonjwa adimu. Mama anafika na kusema, "Nesi, jicho la mwanangu linang'aa," na nesi hana picha ya kulinganisha nayo kichwani mwake. Anatazama mchana kweupe, mboni ya mtoto imejikunja kwa mwanga wa dirishani, haoni kitu. Anatoa dawa ya matone, au anasema akikua litakaa sawa. Mama anarudi nyumbani akiwa ametulia, na uvimbe unaendelea kukua. Wengine huambiwa ni mtoto wa jicho na kwamba upasuaji utasubiri mpaka mtoto akomae kidogo. Hapo pana makosa mawili kwa mpigo, kwa sababu hata mtoto wa jicho kwa mtoto mchanga hausubiri. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na ukicheleweshwa jicho linaweza lisione vizuri tena hata lens ikishatolewa.

Jambo hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu ndilo linalojibu swali la wenye mafungu ya fedha: kwa nini tufundishe maelfu ya wauguzi ugonjwa wa watoto mia moja? Jibu ni kwamba hatufundishi retinoblastoma, tunafundisha mboni nyeupe. Watakaopatikana wengi watakuwa na mtoto wa jicho, na wachache watakuwa na matatizo mengine ya retina. Karibu wote wanahitaji kumwona daktari wa macho haraka. Muuguzi hatakiwi kujua jina la ugonjwa. Anatakiwa kujua kwamba mboni ya mtoto haipaswi kuwa nyeupe, na kwamba rufaa ya mtoto huyu ni ya wiki hii.

Vifaa vyake ni vya kawaida. Chumba chenye giza kidogo na ofthalmoskopu, kile kitochi cha kutazamia ndani ya jicho, vinatosha kuona kama mwanga unarudi mwekundu kwa macho yote mawili. Siku hizi zipo ofthalmoskopu ndogo zinazochajiwa kwa jua, kama ile iitwayo Arclight, ambayo imeshajaribiwa na wahudumu wa kliniki za mama na mtoto hapahapa Dar es Salaam. Kenya nao wameingiza ukaguzi wa macho ya mtoto katika kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, na swali la rangi ya mboni limo. Ukipata nafasi, fungua kadi ya mwanao. Uzito una grafu yake, chanjo zina safu zake. Tazama macho yamepewa nafasi gani, na kama ipo, kuna mtu aliyeijaza?

Fursa hazikosekani. Mtoto wa Tanzania hupata chanjo anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9 na wa 18. Hizo ni mara sita amepakatwa mbele ya mhudumu wa afya kabla hajatimiza miaka miwili, na wazazi wetu huitikia chanjo vizuri sana. Kukagua macho mara hizo hakutanasa wote, maana wenye ugonjwa katika jicho moja wengi huonyesha dalili karibu na umri wa miaka miwili au baada ya hapo. Lakini watoto wenye ugonjwa katika macho yote mawili huanza mapema, wengi kabla ya mwaka mmoja, na hao ndio wanaoweza kubaki vipofu kabisa.

Tuseme sasa rufaa imeandikwa. Hospitali kubwa itafanya nini? Hapa kuna jambo linalowashangaza wazazi, na hata baadhi ya madaktari. Saratani nyingi hazianzi kutibiwa bila kukata kipande cha nyama na kukipeleka maabara. Hii ni tofauti. Jicho lenye retinoblastoma halichomwi sindano ya kuchukua kinyama, kwa sababu tundu hilo laweza kuwa mlango wa saratani kutokea nje. Bingwa humpa mtoto dawa ya usingizi, hupanua mboni kwa matone, huitazama retina yote ya macho yote mawili, na hupima kwa altrasaundi. Chembe za chokaa ndani ya uvimbe ni ushahidi mzito. MRI ikiwepo husaidia kujua kama mshipa wa fahamu wa jicho umeguswa. Kwa hiyo usione wamekosa umakini wakikwambia ni saratani bila "kukata kipimo".

Tiba hutegemea umefika lini. Uvimbe mdogo huweza kuchomwa kwa leza au kugandishwa kwa baridi kali, na dawa za saratani hutumika kuusinyaza kwanza. Dawa zenyewe ni za zamani: vinkristini, karboplatini na etoposidi. Zimo katika orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani. Vinkristini, kwa taarifa yako, chanzo chake ni lile ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo pwani yetu limepandwa kwenye nyua nyingi. Usije ukalichemsha. Mmea huo ni sumu, na dozi ya dawa yake hupimwa kwa miligramu.

Uvimbe ukishajaza jicho, tiba ni kulitoa jicho. Hapa ndipo tunapowapoteza watoto ambao walikuwa tayari wameshafika hospitali. Baba anasema, siwezi kumrudisha mtoto kijijini hana jicho. Bibi anasema, heri afe mzima. Wanaondoka kimyakimya alfajiri, na wanarudi baada ya miezi minne jicho likiwa limetoka nje. Nawaelewa wazazi hawa. Siwaelewi sana wataalamu wanaotoa habari nzito kama hiyo kwa dakika tano, wamesimama kwenye korido, huku mgonjwa mwingine akiitwa. Mzazi anahitaji kuambiwa mambo matatu kwa utulivu: kwamba jicho hilo limeshapoteza uwezo wa kuona, au karibu litaupoteza, kwamba likitolewa saratani ikiwa bado imo ndani, uwezekano wa mtoto kupona ni mkubwa sana, na kwamba atawekewa jicho bandia ambalo mgeni hatalitambua kwa urahisi. Kukutana na mtoto mwingine aliyefanyiwa, akiwa anacheza mpira, hushawishi kuliko maneno ya daktari yeyote.

Na kutoa jicho si mwisho. Lazima likatolewe pamoja na kipande kirefu cha mshipa wa fahamu, lipelekwe maabara, na majibu yasomwe. Kama chembe za saratani zimefika kwenye ncha ya mshipa, mtoto anahitaji dawa zaidi hata kama anaonekana mzima na anakula vizuri. Majibu yakichelewa wiki sita, na familia ikawa imesharudi Kigoma au Newala, nani atawapigia simu? Huu ndio utaratibu mdogo usiopigiwa picha za uzinduzi, lakini mtoto huweza kufa kwa sababu haukuwepo.

Kuhusu gharama, huduma za watoto chini ya miaka mitano zimesamehewa kisera katika hospitali za umma, na Muhimbili taasisi ya Tumaini la Maisha hushirikiana na hospitali hiyo ili watoto wenye saratani watibiwe bila familia kulipia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imeleta matumaini. Lakini muulize mzazi yeyote aliyepitia safari hii kilichommaliza. Atakutajia nauli, malazi, na shamba lililobaki bila palizi kwa miezi sita, na wadogo zake mtoto walioachwa kwa jirani. Kitita cha bima kinachohesabu sindano na kusahau basi la kutoka mkoani kitawaacha wengi njiani. Mjadala wa vitita bado unaendelea, na hili halijasikika vya kutosha.

Neno kuhusu chanzo, kwa sababu ndoa zimevunjika kwa jambo hili. Ugonjwa hutokana na hitilafu katika kinasaba kiitwacho RB1. Kwa takriban watoto 6 kati ya 10 hitilafu hutokea ndani ya jicho lenyewe na haiwahusu wazazi. Kwa wanaobaki hitilafu imo katika mwili mzima, na hata katika hao wengi ni wa kwanza katika ukoo wao. Si laana, si zinaa, si chakula alichokula mama akiwa mjamzito. Ila mtoto mwenye hitilafu ya mwili mzima akikua na kuzaa, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, na yeye mwenyewe ana hatari kubwa kuliko wengine ya kupata saratani nyingine, ya mifupa hasa. Kwa hiyo anafuatiliwa maisha yake yote, na ndugu zake wadogo hukaguliwa macho tangu wanapozaliwa, hata kama hawaonyeshi chochote.

Kama una mtoto wa chini ya miaka mitano, mpige picha kwa simu yenye taa, ndani, mwanga ukiwa hafifu, akitazama kamera. Jicho moja likirudisha wekundu na jingine weupe, rudia siku nyingine. Weupe wa mara moja unaweza kuwa umetokana tu na upande aliotazama. Ukijirudia, au ukiuona bila kamera, usikae nao. Picha isiyo na weupe pia haithibitishi kuwa mtoto ni mzima, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi nenda tu. Beba picha hizo hadi kituoni, maana mchana weupe hujificha. Ukiambiwa usubiri akue, omba kwa heshima barua ya rufaa ya kumwona daktari wa macho hospitali ya mkoa, Muhimbili, KCMC au Bugando, na uiombe siku hiyohiyo.