Mashimo ya sheli na ndoo ya maji nyumbani

Wiki hii nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Mkumbara, wilayani Korogwe. Ana watoto watatu, wa mwisho hajatimiza mwaka. Kisima cha nyumbani kwao kiko jirani na sheli, kando ya barabara kuu ya Segera kwenda Moshi.

"Shangazi," anaandika, "wamekuja mafundi hapo sheli, wakatoboa mashimo matatu membamba, wakatia mabomba na vifuniko vya kufuli. Nilipouliza nikaambiwa ni ya kupima maji. Kama wanapima, si ndiyo kusema maji yameshaharibika? Nami asubuhi hiyo nilikuwa nimeshampa mtoto uji."

Pole mwanangu, na umefanya vizuri kuuliza. Mashimo yale peke yake hayathibitishi ubaya. Mwenye sheli makini huyachimba ili ajue mapema. Wa kumwogopa zaidi ni yule asiyepima kabisa.

Matangi ya sheli huzikwa ardhini. Tangi likishika kutu, au kiungo cha bomba kikilegea, mafuta hutoka tone kwa tone bila mtu kuona. Petroli huelea juu ya maji, lakini sehemu yake iitwayo benzini huyeyuka na kusafiri na maji ya chini hadi visimani. Benzini husababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kipimo hicho ni kidogo mno: petroli yenye asilimia 1 tu ya benzini, lita yake moja inatosha kuharibu maji ya lita laki kadhaa.

Tena pua na ulimi havitoshi. Maji yanaweza kuwa na benzini mara 50 ya kipimo hicho, na mwanao asionje kitu. Kuchemsha na dawa ya maji huua vijidudu, ila usivitegemee kuondoa mafuta.

Ndiyo maana ya mashimo yale. Matatu, kwa sababu ukipima kina cha maji katika mashimo matatu unajua maji yanaelekea wapi. Hapo Mkumbara mna milima ya Usambara upande mmoja na bonde la Mto Mkomazi upande mwingine. Kwa kawaida maji ya chini hufuata mteremko, ingawa pampu yenye nguvu huweza kuyavuta kwingine. Shimo la juu ya matangi huonyesha maji yalivyo kabla ya kufika sheli, la chini huonyesha yalivyo baada ya kupita. Mpimaji huchota kwanza maji yaliyotuama bombani na kuyaondoa, kisha hujaza chupa ya kioo hadi pomoni bila kuacha hewa, huiweka kwenye barafu na kuipeleka maabara. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miezi kadhaa, maana jibu la leo si jibu la mwakani.

Sikutishi bure. Jirani zetu wa Thange, kaunti ya Makueni nchini Kenya, Mei 2015 walikuta mafuta mtoni kwao, yaliyovuja kutoka bomba la Mombasa kwenda Nairobi. Mahakama iliamuru walipwe fidia mwaka 2025, miaka 10 baadaye. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshafika darasa la nne au la tano.

Kwa hiyo mama, fanya haya. Kwanza, mpaka upate majibu, maji ya kunywa na ya uji wa mtoto yatoke kwingine, hasa kama kisima chako kiko upande wa bonde.

Pili, nenda na mwenyekiti wa kijiji kwa mwenye sheli, mwombe kwa adabu awaonyeshe majibu ya maabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi na salama. Mkizungushwa, pelekeni maandishi NEMC na Bodi ya Maji Bonde la Pangani. EWURA nayo ndiyo inayotoa leseni za sheli.

Tatu, omba kisima chako nacho kipimwe, na utaje benzini kwa jina. Kipimo cha kawaida cha vijidudu na chumvi hakiitafuti.

Nne, maji yakinuka petroli au yakiwa na utando wa rangi rangi juu, acha kuyatumia hata kwa kuoga. Usimulike kisimani kwa kibatari wala kiberiti, mvuke wake hulipuka. Na waonye watoto wasichezee vifuniko vile wala kutumbukiza mawe.

Wewe mzazi mwingine unayesoma, kama nyumba yako ina jirani sheli, uliza leo kama wana mashimo ya kupimia na lini yalipimwa mara ya mwisho. Swali hilo halina ugomvi. Mwenye sheli naye huenda watoto wake wanakunywa maji ya mtaa huo huo.