Muulizaji wa Katikati ya Darsa

 

Ndugu Waislamu, mwaka 2020 maradhi ya Uviko-19 yalipofunga misikiti katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, darsa nyingi zilihamia mtandaoni, na milango ya misikiti ilipofunguliwa hazikurudi zote. Leo familia hukaa sebuleni baada ya Isha, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, sheikh yuko Mombasa au Maskati, na wasikilizaji wametawanyika kuanzia Tanga hadi Toronto. Hilo ni la kheri, wala hatuna haja ya kulirefusha. Tunalotaka kulizungumza ni lile linalopita pembeni ya uso wa sheikh, yaani safu ya ujumbe ambao wasikilizaji huuandika hali yeye bado anasomesha.

Wako wanazuoni, na baadhi yao ni walimu wetu tunaowaheshimu, wanaoona kuwa dawa ni kuifunga safu hiyo moja kwa moja. Hoja yao ni adabu ya majlisi ya elimu: mwalimu husema na mwanafunzi hunyamaza. Sisi tunaiona hoja hiyo kuwa sahihi nusu yake. Amepokea Imam Bukhari katika Kitabu cha Elimu, kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na watu, akaja bedui mmoja akauliza Kiyama kitakuwa lini. Mtume akaendelea na maneno yake. Waliohudhuria wakaanza kusemezana, hawa wakisema amelisikia swali na hakulipenda, wale wakisema hakulisikia. Alipokwisha maneno yake aliuliza yuko wapi muulizaji, kisha akamjibu. Basi swali lilikuja katikati, halikukata somo wala halikupotea, na waliokuwa wakikisia pembeni hawakumfaa muulizaji kwa lolote.

Tena tukumbuke ni nani anayefaidika na safu hii. Katika misikiti yetu mingi mwanamke mwenye swali hukaa ghorofani au nyuma ya pazia, akaandika kikaratasi, akampa mtoto akipeleke mbele. Mtoto hupitia uani kucheza, na kikaratasi hufika sheikh akiwa amekwisha kuomba dua ya kufunga darsa. Wanawake wa zama za Mtume (S.A.W.) walimwomba awatengee siku yao, kwa kuwa wanaume walikuwa wamewazidi, naye akawatengea. Leo mama aliye jikoni, au kijana anayeona haya kuuliza mbele ya baba yake mambo ya twahara, huandika swali lake likafika bila ya kupitia mkononi kwa mtu. Kumfungia mlango huyu kwa jina la adabu ni jambo ambalo hatuliafiki.

Lakini tazameni namna mambo yanavyokwenda pasipo na msimamizi. Mwanamke anaandika kwamba mumewe amemtamkia talaka tatu kwa simu akiwa na hasira, je, imepita? Sheikh wakati huo anaeleza yanayofunguza swaumu, na macho yake hayako kwenye ujumbe. Kabla hajamaliza sentensi mbili, mtu asiyejulikana ameandika imepita, mwingine ameandika haikupita, wa tatu anauliza huyu ni mke wa nani. Mwanamke anaondoka na jibu la kwanza alilolisoma. Masuala ya talaka kadhi huyasikiliza kwa pande mbili, akauliza lafudhi iliyotamkwa, hali ya mtamkaji, na kama kuna talaka iliyotangulia. Hapa nyumba imevunjwa, au watu wameendelea kuishi pamoja katika shaka, kwa neno moja la mpita njia.

Na aliyedhani kuwa sheikh anaweza kusomesha na kusoma ujumbe kwa pamoja, na ajaribu. Atajikuta robo saa nzima anaitikia salamu za Doha na Nairobi, na somo limelala. Isitoshe, katika YouTube na Facebook picha humfikia msikilizaji ikiwa imechelewa kwa sekunde kadhaa, hivyo anayeuliza huwa anauliza juu ya neno ambalo mwalimu amekwisha kulipita.

Salafu walilijua tatizo la halaiki. Katika majlisi kubwa za hadithi, kama zile za Baghdad, alikuwapo mustamli, mtu mwenye sauti na welekevu, aliyesimama mahali pa juu akayafikisha maneno ya sheikh kwa walio mbali. Imam as-Sam'ani, aliyefariki mwaka 562 Hijria, aliwaandikia kitabu kizima cha adabu zao. Darsa ya mtandaoni inamhitaji mustamli wa upande wa pili, anayeyaleta ya walio mbali kwa sheikh. Wawe wawili, mmoja wao mwanamke. Wakusanye maswali, wampe sheikh kila anapotua, na wafute papo hapo kila fatwa ya asiyejulikana. Swali la talaka au mirathi lisijibiwe hadharani. Mwenyewe apewe namba ya kupiga. Semina za Zoom zina kisanduku cha maswali kilicho mbali na soga, na mwandaaji akiruhusu, mtu huuliza bila jina lake kuonekana. Hakuna gharama kubwa hapa, ni bando na watu wawili wenye subira.

Liko pia jambo ambalo waandaaji wengi hawalitazami. Darsa ikihifadhiwa YouTube, mazungumzo yale ya pembeni huweza kubaki nayo, yakaonekana tena na kila atakayeifungua mwaka ujao, jina la mwanamke na siri ya ndoa yake vikiwamo. Kamati inayotayarisha tangazo la darsa, pamoja na jina la sheikh na saa ya kuanza, iandike nani atapokea maswali, na huyo ndiye ayasafishe kabla video haijaachwa kwa umma.