Ushuru wa Nyumba Uhesabiwe Kabla ya Mkopo

Nchini Kenya, mwenye nyumba za makazi anayekusanya kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia 7.5, kiwango kilichoshuka kutoka asilimia 10 Januari 2024. Malipo ya kila mwezi hufika kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Gharama za ukarabati na riba ya benki haziondolewi: kodi ya shilingi 100,000 hutozwa 7,500 hata riba ikimeza 90,000. Mwenye mkopo mkubwa anaweza kuiandikia KRA atozwe kwa faida ya mwaka, riba ikiondolewa kwanza. Njia hizo mbili zafaa kulinganishwa kabla ya kutia saini mkopo wa ujenzi.