Jirani wa Kitanda cha Pili

Mtoto mwenye saratani anaweza kupotea huku dawa yake iko kabatini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana balehe wapatao 400,000 huugua saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona, katika nchi nyingi zenye kipato kidogo hawafiki asilimia 30. Tukieleza pengo hilo hutaja mashine, wataalamu na bei ya dawa, na ni kweli tupu. Ila ipo sababu nyingine: matibabu yanayoachwa njiani. Huko Eldoret, Kenya, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, watoto wengi waliogundulika na saratani kati ya 2007 na 2009 waliacha matibabu kabla hayajaisha. Nauli, bili, shamba lisilopaliliwa na wadogo walioachwa kwa bibi, vyote huchangia. Naamini kinga mojawapo ya kutoroka huko ni urafiki wa familia zinazouguza pamoja, na tunakosea sana kuuona kama soga za kupotezea muda.

Tuchukue saratani ya Burkitt, inayowaandama zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Taya lililovimba hadi meno kulegea linaweza kunywea siku chache tu baada ya dozi ya kwanza. Mama anamwona mwanawe anatafuna ugali tena. Kwake mtoto kapona, wanangoja nini? Akiondoka naye, uvimbe hurudi. Kwenye saratani ya damu mambo huwa kinyume: mtoto aliyeingia akitembea sasa anatapika, nywele zinabaki kwenye mto, na safari yenyewe mara nyingi ni ya miaka miwili hadi mitatu. Daktari ameyaeleza yote hayo, foleni ikimngoja. Jirani wa kitanda cha pili yeye huonyesha. Humvua mwanawe kofia, mama mgeni akapapasa nywele zinazochipua upya. Ni huyohuyo atakayemwambia kuwa homa ya usiku haingoji kupambazuke, na kwamba bili ikimshinda amwone ofisa ustawi wa jamii kabla ya kufungasha.

Wapo watakaosema wodi si baraza: watoto hawa kinga yao imeshuka na msongamano ni hatari. Naikubali hoja hiyo. Tiba yake ni maji, sabuni na mabenchi nje ya wodi. Wengine huhofia kuwa mama mmoja atamwelekeza mwenzake kwa mganga. Atamwelekeza hata tukikataza, wakiwa bombani wanafua. Afadhali muuguzi akae nao saa moja kila wiki, maneno hayo yasemwe mbele yake. Kuhusu gharama, familia za mikoani zinazotibiwa hospitali ya Muhimbili, Tanzania, zimepata pa kufikia kupitia taasisi ya Tumaini la Maisha, na si kila hospitali itaweza kujenga hosteli. Lakini kuwapangia wanaotoka wilaya moja siku moja ya kliniki, wasafiri pamoja na kukumbushana, kunahitaji daftari la miadi tu.

Pingamizi zito ni kifo. Kitanda cha jirani kikitandikwa upya alfajiri, mama aliyebaki hulia mara mbili: kwa aliyeondoka, na kwa hofu ya wake. Uchungu huo sijui namna ya kuuondoa. Hata hivyo kuwatenga wazazi hakumfichi mtu msiba, maana kilio hupenya pazia. Na huyu aliyefiwa je? Wodini hakuna anayeitwa jina lake la kuzaliwa. Kila mmoja ni Mama Fulani, kwa jina la mwanawe. Huko nyumbani, matanga yakishaanuliwa, majirani huanza kuliogopa jina la marehemu, hasa akiwa ndiye mtoto pekee. Rafiki wa wodini akipiga simu hatafuti neno jingine. Humwita vilevile alivyomzoea, kwa jina la mtoto, kisha humuuliza kama amekula.