Samaki wa tangini: tupime maji kabla ya kulaumu kijicho

Tangi la samaki limekuwa pambo la kawaida mjini kwetu. Utalikuta kwa kinyozi, utalikuta mkahawani, utalikuta sebuleni kuanzia Kizingo mpaka Majengo. Na kilio ni kile kile: samaki walinunuliwa Ijumaa wakiwa wazima, wanakula, wanacheza, na kabla ya wiki mbili kwisha wameelea wote. Mwenyewe atasema ni kijicho cha mgeni aliyekuja akawasifu kupita kiasi. Mwenye duka atasema umewalisha vibaya, kisha atakuuzia wengine pamoja na kichupa cha dawa ya buluu.

Mtu akinijia na kesi hii, swali langu la kwanza ni moja tu: walikufa lini? Muda wa kifo hueleza mengi kuliko sura ya maiti.

Wakifa siku ile ile, shuku maji ya bomba. Sote twajua mgao ulivyo. Maji yakija baada ya siku kadhaa, kila chombo nyumbani hujazwa, na tangi la samaki nalo hupewa fungu lake moja kwa moja kutoka bombani. Maji hayo yana klorini, na klorini huchoma mashavu ya samaki. Dawa yake haina gharama: yaache maji kwenye ndoo isiyo na kifuniko siku moja au mbili, klorini itatoka yenyewe.

Wakifa kati ya siku ya tatu na wiki ya tatu, hapo mshukiwa ni amonia, na ndiyo inayomaliza samaki wengi zaidi. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na chakula kinachooza chini ya tangi huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaweza kuivumilia. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye sponji na changarawe. Tangi jipya halina. Ukitia samaki kumi siku ya kwanza kwenye tangi la lita ishirini, umewafungia chooni.

Na hapa Pwani mambo ni mabaya zaidi kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema. Amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja yenye sumu kali na nyingine yenye madhara madogo. Kinachoamua ni joto na pH. Kwenye maji ya nyuzi 20 yenye pH ya 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia moja. Kwenye maji ya nyuzi 30 yenye pH ya 8, hupita asilimia saba. Sasa fikiria mtu wa Mombasa aliyejaza tangi kwa maji ya kisima, au ya mitungi iliyoletwa na mkokoteni ambayo hajui yalikotoka. Maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe huwa magumu na pH yake hupanda. Ongeza jua la Januari. Uchafu ule ule ambao samaki wa London angeuvumilia, huku unaua. Mwenye duka anayesoma maelekezo nyuma ya pakiti hawezi kulijua hili, kwa sababu pakiti haikuandikwa kwa ajili yetu.

Wakifa usiku mmoja wote kwa pamoja, uliza kama stima ilipotea. Maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi, na pampu ikisimama tangi lililojaa hukosa pumzi upesi. Samaki huanza kuhema juu ya maji. Huyo samaki wa dhahabu tunayempenda sana asili yake ni maji ya baridi.

Maradhi yenyewe yapo, sikatai. Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, samaki kujikuna kwenye mawe, kuanguka mmoja baada ya mwingine: hicho ni kimelea, na mara nyingi kimekuja na samaki mpya. Dawa haimfikii kimelea akiwa chini ya ngozi ya samaki. Humuua anapoogelea majini kutafuta mwenyeji. Kwa hiyo anayetia dawa siku moja na kuacha amepoteza pesa. Na dawa ya buluu ikitiwa kwenye tangi lisilo na kimelea yaweza kuua wale bakteria wa sponji, amonia ikapanda upya. Wengi wamewamaliza wagonjwa wao kwa tiba.

Kuna upande mwingine ambao hatuuzungumzi. Pwani yetu, kutoka Shimoni mpaka Kilifi, kuna wazamiaji wanaovua samaki wa mapambo kwa nyavu za mkono na kuwauza kwa kampuni zinazosafirisha ng'ambo. Samaki akipandishwa haraka kutoka kina kirefu kibofu chake cha hewa huvimba. Akifungwa mfukoni safari nzima, kaboni dioksidi hushusha pH na amonia iliyokusanyika hutulia. Mfuko ukifunguliwa pH hupanda na sumu huamka. Yule mdogo mwenye mstari mweusi, anayewasafisha wenzake vimelea mwambani, mara nyingi hufa njaa tangini kwa sababu chakula chake hakipo. Mzamiaji analipwa kwa samaki mzima. Aliyechubuka hukataliwa, na hasara inabaki kwake. Mwisho wa safari mnunuzi naye anabeba hasara yake. Katikati, samaki akifa dukani au nyumbani, mauzo yanaendelea, maana aliyefiwa hurudi kununua.

Ndiyo maana sioni maana ya kumfundisha mnunuzi peke yake. Ofisi za uvuvi za kaunti zingeanza na jambo dogo: kila tangi dukani liandikwe tarehe samaki walipofika, na wasiuzwe kabla ya wiki mbili za kuangaliwa. Duka liwe na matone ya kupimia amonia, na mteja akileta kichupa cha maji yake apimiwe mbele ya macho yake, kabla ya kuuziwa samaki wengine. Muuzaji atakayekataa kupima, muulize anaogopa nini kuonekana.