Uhalisia Haupimwi kwa Rula: Mintarafu ya Filamu za Anga za Juu

Umezuka miongoni mwa wahakiki wa filamu mtindo wa kuupima uhalisia wa bunilizi za kisayansi kwa mizani ya fizikia pekee. Mhakiki wa aina hii huingia ukumbini na daftari la makosa: mlipuko umesikika katika ombwe, chombo kimekata kona mithili ya ndege, wahusika wanatembea pasipo na mvuto. Makosa yakizidi, filamu huitwa ndoto. Yakipungua, husifiwa kuwa halisi. Mtindo huu unastahili kupingwa, kwani unachanganya usahihi na uhalisia, mambo mawili yasiyokuwa na budi kutenganishwa.

Tuchukue Alien ya Ridley Scott (1979). Wahusika saba wa chombo Nostromo wanatembea sakafuni kana kwamba wamo melini, na filamu haielezi mvuto huo unatoka wapi. Hata hivyo, mafundi Parker na Brett wanalalamikia mgao wa malipo yao kabla hatari yoyote haijatokea, na baadaye inabainika kwamba kampuni iliyowaajiri inamthamini kiumbe wa ajabu kuliko uhai wao. Uhusiano huo wa tajiri na kibarua ndio uhalisia wenyewe. Hakuna kanuni ya fizikia iwezayo kuuongeza wala kuupunguza.

Je, sayansi haina nafasi? La, hasha! Katika 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick (1968), mwanaanga Frank Poole anatupwa angani, naye anatapatapa katika kimya kitupu. Kimya hicho ni sahihi, kwa kuwa sauti haisafiri penye ombwe. Lakini thamani yake ya kisanaa ni kwamba binadamu anakufa na ulimwengu hausikii. Hapo usahihi umegeuzwa kuwa maana.

Kigezo kifaacho, basi, ni ahadi ambayo kazi yenyewe imeiweka kwa hadhira yake. Star Wars ya George Lucas (1977) ni ngano ya mashujaa. Kuilaumu kwa ngurumo za vita angani ni sawa na kumlaumu Sungura wa hadithi kwa kusema. The Martian ya Scott huyo huyo (2015) ni suala jingine. Filamu hiyo imejengwa juu ya hesabu: viazi vingapi, maji kiasi gani, siku ngapi. Ilhali kisa chote kinaanzishwa na dhoruba inayotishia kuangusha roketi kwenye Mirihi, sayari ambayo kanieneo ya angahewa yake haifikii asilimia 1 ya ile ya Dunia. Hapa lawama inafaa, si kwa sababu fizikia imekosewa, bali kwa sababu kazi imeivunja sheria iliyojiwekea.

Fauka ya hayo, usahihi hununuliwa. Interstellar (2014) iliweza kumtumia mwanafizikia Kip Thorne kuwa mshauri wake. Msanii asiye na kitu hawezi. Mhakiki anayeridhika na hesabu huukabidhi uhalisia kwa wenye fedha, na kumfundisha mwanafunzi kuhesabu dosari badala ya kusoma maisha. Huo si uhakiki; ni ukaguzi wa mitambo.