Ponti Ingine, Resori Gani?



Siku ya Mungu iliyopita baba mumoja wa Kambove alinisimamisha kisha ibada. Yeye iko na Land Cruiser 45 ya zamani, ile ya karoseri wazi, baba yake alimwachia. Toyota iliacha kutengeneza jamaa hiyo mwaka 1984, lakini yake ingali inakula njia ya Likasi kila juma na unga, na makala, na saa ingine saruji. Ndiyo inalipa masomo ya watoto wane. Sasa ponti ya nyuma imekufa. Amepata ingine ya Land Cruiser 75, na mukanike anamwambia: "Baba, tuweke hapo malame ya kamio. Hautaogopa muzigo tena." Basi akaniuliza: "Pasta, nifanye je?"

Mbele ya kuingia shule ya Biblia nilishika funguo katika garaji, kwa hiyo sikukimbia ulizo lake. Lakini nilimujibu kwa ulizo lingine: "Siku nyingi unabeba kilo ngapi?" Akacheka tu. Hakujua. Na wewe musomaji, kama uko na motokari ya kazi, unajua?

Kazi inaanza hapo. Mufuko wa saruji ni kilo 50. Mifuko 14 ni kilo 700. Peleka motokari kwenye mizani, upande magurudumu ya nyuma peke yake, kwanza tupu, kisha na muzigo wa kila siku. Hesabu hizo mbili ndizo zinachagua resori. Usichague kwa muzigo wa siku moja ya kujivuna. Chagua kwa muzigo wa siku nyingi. Kwa siku nzito kidogo kuna lame ya musaada, ile ya chini kabisa, nene na yenye kunyooka: inalala bila kazi mpaka muzigo ukandamize zingine juu yake.

Ujue tena jambo hili, maana wengi wanadanganyika hapa. Ugumu wa lame haupandi sawasawa na unene wake. Ukizidisha unene mara 2, ugumu unakuwa mara 8. Lame ya milimita 10 ni ngumu karibu mara 3 kuliko ya milimita 7, hata kama urefu na upana ni ule ule. Basi malame ya kamio chini ya motokari ndogo hayapindiki. Na kazi ya resori ni kupindika! Kama yenyewe inakataa, kila shimo la njia linapiga shasi. Kuna kamioneti ya kanisa tuliyoongezea malame 3 manene kwa mikono yetu wenyewe. Ikiwa tupu iliruka kama mbuzi, na kisha miezi michache shasi ilipasuka pale resori inaposhikwa. Siku ile wamama wa kwaya walikuwa juu. Hakuna aliyekufa, lakini mimi sijasahau sauti ile ya chuma.

Tena resori ngumu haiongezi nguvu ya fureni, wala ya tairi, wala ya ponti. Inaficha tu uzito. Motokari inasimama wima, wewe unazani iko sawa, na kwenye mutelemuko fureni inakuambia kweli.

Sasa, wakati wa kubadilisha ponti, kamata meta na upime mambo haya: nafasi katikati ya resori ya kushoto na ya kuume kwenye shasi, upana wa lame, urefu kutoka jicho mpaka jicho, na urefu kutoka jicho la mbele mpaka bulo ya katikati. Bulo hiyo ndiyo inaonyesha ponti ikae wapi. Ikikosea, magurudumu yanasogea mbele ao nyuma, na kardani inakuwa fupi ao ndefu. Kama makalio ya ponti mpya hayaangukii chini ya resori zako, yakatwe na kuwekwa mengine. Mutu wa sudure ayashike kwanza kwa alama ndogo tu. Shusha motokari juu ya magurudumu yake, tia uzito, angalia kama pua ya ponti iko sambamba na mutambo unaotoka kwenye bwate ya vitesi. Hapo ondoa resori, ndipo asude kabisa. Moto usiguse lame hata kidogo, maana chuma chake kinapoteza nguvu na kitavunjika njiani.

Badilisha resori za pande mbili pamoja. Bulo zenye umbo la U zikuwe mpya, na uzikaze tena kisha safari ya kwanza. Inua motokari mpaka ponti ininginie: kipira cha fureni kisivutike, na amortisere isifike mwisho wake.

Yule baba alirudi na karatasi. Siku nyingi anabeba kilo 700. Tani na nusu alibeba mara mbili tu mwaka muzima. Akachukua resori za motokari ya namna yake, na lame moja ya musaada. Mukanike hakufurahi. Bibi yake ndiye alifurahi, kwa maana kila Siku ya Tatu anaketi mbele na mutoto mudogo kwenye magoti.

Musomaji, mbele ya kununua hata lame moja, pita kwanza kwenye mizani.